Mti wa Karo na Chemchemi ya Jirani

Abiria wanaopanda matatu mjini Kericho alfajiri kwenda Kisumu huwa wamefunga zipu za jaketi hadi kidevuni. Wakipita Kapsoit, michai bado iko pande zote mbili za barabara. Wakifika Kipsitet, jaketi ziko mapajani, madirisha yamefunguliwa na chai imekwisha. Nje ni miwa, mahindi, na mbuzi waliosimama kwa miguu ya nyuma wakichuma majani ya mgunga.

Mji wa Kericho uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ahero, ambako mteremko unaishia, iko kwenye mita 1,150 hivi. Soin ni ukanda wa katikati. Wakipsigis, wenyeji wa huku, huigawa nchi kwa joto lake: mosop ni juu kwenye baridi, soi ni chini kwenye jua kali, na jina la wadi ya Soin, katika eneobunge la Sigowet/Soin, limetoka huko huko. Maji huteremka kutoka mosop kwenda soi, na udongo huteremka nayo. Kuni nazo hushuka, kwa lori. Kinachopanda ni mbuzi, sukari na malalamiko.

Mgeni akiuliza katika kituo chochote cha huku ni nani anayeshughulikia mazingira, ataelekezwa ofisini: ya kaunti, ya msitu, ya chifu. Hakuna atakayejitaja. Mama anayemfukuza kila mwenye panga karibu na kichaka cha senetwet kilicho nyuma ya jiko lake hatajiita mwanamazingira. Mzee aliyekosana na jirani yake kwa sababu ya mikaratusi iliyopandwa juu ya chemchemi atasema walikuwa wanagombania maji, basi.

Iko sababu ya neno hilo kusikika kama la watu wengine. Katika boma nyingi za Kericho na Bomet, liliingia likiwa limeshikana mkono na neno "kufurushwa". Jopokazi la serikali kuhusu msitu wa Mau lilitoa ripoti yake mwaka 2009, likaeleza kwamba karibu robo ya msitu huo, zaidi ya hekta 100,000, ilikuwa imepotea katika muda wa miaka 15 hivi. Kabla ya mwaka huo kwisha, familia zilikuwa zinatolewa Mau ya Kusini Magharibi. Mwaka 2018, na tena 2019, zikafuata nyingine upande wa Narok. Wengi wa waliokaa kando ya barabara na mabati na vitanda vyao walikuwa Wakipsigis, na waliopata pa kujisitiri mara nyingi walisitiriwa na jamaa. Waogiek nao, ambao msitu ule ni kwao tangu jadi, walilazimika kwenda hadi Mahakama ya Afrika jijini Arusha, iliyoamua mnamo Mei 26, 2017 kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao. Kwa hiyo uhifadhi, huku, ni habari ya nani alihama na nani alibaki kabla ya kuwa habari ya ndege na vipepeo. Afisa anayesimama kwenye baraza na kufungua hotuba kwa neno "mazingira" huwa amewafunga watu masikio kabla ya sentensi ya pili.

Afadhali aanze na kuni.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya familia nchini Kenya zilikuwa zinapikia kuni. Vijijini Kericho na Bomet hakuna haja ya sensa. Moshi hupanda juu ya kila paa saa kumi na mbili asubuhi. Kilichobadilika ni jiko lililo chini ya sufuria. Katika nyumba nyingi mafiga matatu yamempisha chepkube, jiko la udongo lenye umbo la meza nene iliyoegemea ukuta. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na samadi, ukakandwa, ukajengwa polepole, kisha ukalainishwa kwa mkono hadi ung'ae. Mbele huachwa mdomo wa kutilia kuni, juu mashimo mawili au matatu ya sufuria. Moto wa kuni chache hupita chini ya ugali, ukaendelea chini ya mboga, na joto linalobaki halitupwi. Pembeni mwa jiko kuna nafasi kama rafu. Moja hukaushiwa kuni za kesho, nyingine huwekwa sahani ya aliyechelewa kurudi, na ile ya chini kabisa ni ya vifaranga.

Mtu akitaka kujua kwa nini chepkube amekubalika kuliko majiko mengine mengi yaliyoletwa na miradi, avitazame hivyo vifaranga. Juni na Julai, baridi ya mosop huua kifaranga usiku mmoja. Chini ya chepkube, udongo hubaki na uvuguvugu hadi karibu na mapambazuko, na kuku wa kienyeji aliyefika ukubwa wa kuuzwa ni sare ya shule. Wataalamu hulisifu jiko hili kwa kupunguza kuni na moshi, na wana haki. Ila kina mama wakiwa peke yao hulizungumzia kama banda la kuku ambalo pia hupika.

Gesi nayo ina hesabu zake. Julai 2021 serikali iliirudishia gesi ya kupikia ushuru wa VAT wa asilimia 16. Mwaka uliofuata ukashushwa hadi asilimia 8, na 2023 ukaondolewa. Ushuru hupanda siku moja, lakini mazoea hayarudi kwa siku moja. Mtungi uliokauka mwaka wa ushuru ulisukumwa kando ya kabati, ukafunikwa kitambaa, na katika nyumba si haba bado uko pale, ukijazwa tu mgeni wa heshima akitarajiwa.

Juu kwenye chai, kuni nyingine hutoka kwenye mchai wenyewe. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka 3 hadi 5 ili usirefuke ukampita mchumaji, na shauri la wataalamu wa chai, ambao kituo chao kikuu cha utafiti kiko Kericho, ni kwamba matawi yaliyokatwa yaachwe palepale shambani yafunike udongo na kuoza kuwa mbolea. Shauri zuri. Lakini matawi hayo ni magumu, yanawaka bila kupulizwa, na yako hatua chache kutoka jikoni. Baba amekaa kwenye mkutano wa wakulima akasikiliza. Mama ndiye anayepika. Mara nyingi hupatikana suluhu isiyoandikwa popote: majani na vitawi vyembamba vinabaki shambani, vijiti vinene vinakwenda nyumbani.

Kuhusu senetwet hakuna mkutano unaohitajika. Ni mti mdogo wa maua ya njano yaliyosimama wima, wenye majani ya harufu kali kiasi kwamba ng'ombe huupita bila kuugusa. Hautoi mbao. Hautoi kivuli cha maana. Sheria haiutaji. Hata hivyo karibu kila boma linalokamua ng'ombe lina senetwet wake, au linajua wa jirani uko wapi, kwa sababu bila senetwet maziwa ya kibuyu, mursik, huwa maziwa lala tu.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Kibuyu, sotet, husuguliwa ndani kwa sosiot, ufito wa mkindu uliopondwa ncha ukawa kama brashi. Kijiti cha senetwet huchomwa hadi ncha iwe kaa jekundu, kikaingizwa kibuyuni kingali kinafuka moshi, na lile kaa husagwa dhidi ya ukuta wa ndani, pole pole, kibuyu kikizungushwa kwenye mapaja, hadi ndani kuwe kweusi kote. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa, kifuniko kikafungwa, na kibuyu kikatundikwa. Baada ya siku kadhaa hutoka kitu kizito chenye michirizi ya kijivu, ambacho Kenya nzima hukiona kwenye televisheni wanariadha wanapokipokea kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wakirudi na medali. Mwenye kibuyu anahitaji senetwet, anahitaji mkindu kando ya kijito, na mkindu unahitaji kijito chenye maji. Katika eneobunge la Belgut kuna hata kituo cha biashara kinachoitwa Sosiot. Si rahisi kuupoteza mti ambao watu wamekiita kijiji kwa jina lake na bado wanausafishia chombo cha maziwa.

Mkaratusi ni jambo jingine kabisa, na ndio unaozungumzwa zaidi.

Uliletwa Kenya mwaka 1902 hivi ili kulisha injini za reli, ile ile iliyopita Londiani na Fort Ternan na kufika Kisumu mwishoni mwa 1901 ikichoma kuni njia nzima. Injini za mvuke zimekwisha. Boila za viwanda vya chai zipo. Kilo moja ya majani makavu hutokana na zaidi ya kilo 4 za majani mabichi, na tofauti hiyo ni maji ambayo lazima yatolewe kwa moto. Viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya shirika la chai la KTDA, na Kericho na Bomet vimejaa, hupata mvuke wao kwa kuchoma magogo, mengi yakiwa ya mkaratusi. Hivyo mkulima mmoja anaweza kuwa amekiuzia kiwanda kile kile majani ya kukaushwa na kuni za kuyakaushia. Kikombe cha chai ya Kenya kinachonywewa Karachi au Cairo kina moshi wa mti wa Australia uliomea Belgut.

Kijijini, hata hivyo, mkaratusi ni mti wa karo. Hupandwa mpakani mwa shamba mtoto akiwa bado anatambaa. Hauhitaji mbolea wala kulindwa dhidi ya mbuzi, maana hawaupendi, na baada ya miaka kama 7 au 10 uko tayari. Ukikatwa, kisiki huchipua wenyewe kwa awamu nyingine, kwa mtoto wa pili. Kila Januari, barua za kujiunga na shule za upili zikishatoka, milio ya misumeno ya mashine husikika kutoka kilima hiki hadi kile, na dalali aliyekuja na pikipiki huwa amekwisha kuipima miti kwa jicho akiwa hata hajashuka. Anajua mwenye mti ana haraka. Bei hufuata haraka hiyo.

Kuna wakati ilionekana nguzo za umeme zingekuwa neema kubwa kuliko kuni. Watu walipanda ekari nzima nzima, wakang'oa hata mahindi. Kisha Kenya Power ikaanza kuchukua nguzo za zege, na miti iliyokuwa ikihesabiwa kama nguzo ikarudi kuhesabiwa kama kuni. Wapo ambao miti yao ingali imesimama, minene kupita kiasi, wakisubiri bei ambayo labda haitarudi.

Ubaya wa mkaratusi si siri. Mizizi yake hunywa, na ukipandwa kwenye tindiga au juu ya chemchemi hunywa mchana na usiku. Mwaka 2009 John Michuki, waziri wa mazingira wa wakati huo na mtu asiyependa kurudia amri mara mbili, aliagiza mikaratusi yote iliyo kwenye vyanzo vya maji ing'olewe. Mahali pengine ilikatwa, lakini mingi ilibaki. Ilikuwa rahisi kwa waziri kuona maji. Ilikuwa vigumu kuona kwamba kila mti ule ulikuwa na jina la mtoto.

Wanaogundua kwanza ni wateka maji. Dumu la lita 20 lililokuwa likijaa mtu akisimulia habari ya msiba mmoja sasa linajaa akisimulia ya misiba miwili. Foleni inarefuka. Msichana anayetumwa saa kumi na moja anafika shule amechelewa. Maneno huanza kisimani, yakapanda nyumbani, na hatimaye yakafika kwa kokwet, lile baraza la ujirani ambalo lilikuwepo kabla ya chifu na huenda litabaki baada yake.

Shauri la aina hii lina mwendo wake. Hakuna anayeanza kwa kumlaumu mwenye miti. Wazee watasalimiana, chamgei kwa chamgei, watauliza habari za ng'ombe, watataja kwamba mwaka huu kisima kimepungua kama vile mvua ndiyo yenye kosa. Mwenye miti anajua ameitiwa nini. Ataeleza kwamba miti ni yake, iko ndani ya mpaka wake, na hati ya shamba anayo. Yote ni kweli. Mwingine atakumbusha kwamba mke wake pia hupanga foleni. Sheria ya nchi ipo: kanuni za rasilimali za maji zinataka kingo za mito ziachwe bila kuguswa, kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto. Lakini mita hazitajwi mapema. Zikitajwa mapema, shauri limekuwa kesi, na kesi huenda mjini.

Kinachofikiwa, pale kinapofikiwa, huwa ni muda. Miti iliyosimama iachwe ikomae ikatwe Januari fulani, karo ilipwe, ila visiki visiruhusiwe kuchipua tena. Badala yake pale juu ya chemchemi hupandwa miti isiyo na uchu wa maji, au mianzi. Mianzi haina ugeni wowote huku. Kwa Kikipsigis ni tegat, na kiwanda kimoja cha chai huku Kericho kinabeba jina hilo. Huo ndio uhifadhi uliojadiliwa vizuri kuliko mwingi uliowahi kutangazwa Nairobi, na hauna cheti wala bango.

Mabango yana siku zake. Desemba 21, 2022 Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 13, 2023 ikawa sikukuu ya taifa, watu wakaambiwa wasiende kazini, wapande miti. Ukigawanya bilioni 15 kwa Wakenya waliohesabiwa 2019, kila mmoja anadaiwa miche zaidi ya 300, mtoto wa mgongoni akiwemo. Juu Kericho, mche uliopandwa Novemba una bahati. Mvua haikati kabisa. Ule wa Soin una Januari na una mbuzi. Jua la Januari huukausha kutoka juu na mbuzi huumalizia kutoka chini, na ikifika Machi kilichobaki ni kijiti kilichofungiwa uzi mwekundu na shimo ambalo mtu anaweza kuvunjia mguu.

Miche inayopona Soin huwa imeotea nyumbani. Mara nyingi imeanza maisha katika pakiti ya maziwa iliyotobolewa chini, ikapangwa kivulini karibu na mahali pa kuoshea vyombo, ikanyweshwa maji ya mwisho ya kusuuzia sufuria. Tangu Agosti 28, 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, mfuko mwepesi wa dukani umetoweka na kila kitu kigumu kinachobaki kimepata kazi ya pili. Gunia la mbolea ya chai, lile la kilo 50 lenye namba 26:5:5 ubavuni, hubebea majani, kisha mahindi, kisha kuku sokoni, na mwisho hulala mlangoni kupangusia matope. Faini hiyo ingeweza kumuuza mtu pamoja na shamba lake. Lakini gunia halikuhitaji faini. Hakuna mtu wa huku aliyewahi kutupa gunia zima.

Mpapai, mparachichi na mwembe hupandwa karibu na nyumba, ambako mtoto anaweza kuwarushia mbuzi kokoto. Mti wa kivuli hupandwa mahali ambapo wazee tayari huketi. Maofisa wanaojua kazi yao wameacha kuuliza watu wangapi wamepanda. Huuliza nani atakaa chini yake.

Kuhusu mbuzi, mambo yamechukua mkondo ambao haukutarajiwa. Tangu 2011, mradi wa utafiti wa kimataifa kuhusu tabianchi na kilimo, CCAFS, ulifanya kazi katika vijiji vya Nyando ya Chini, pale Kericho na Kisumu zinapopakana, vijiji vya Wakipsigis na vijiji vya Wajaluo. Watafiti walikuja na mambo mengi: mtama, maharagwe, mabwawa madogo, vipimo vya mvua. Jambo lililozungumzwa sana likawa beberu. Mbuzi wa Galla kutoka kaskazini mwa Kenya, akizalishwa na mbuzi wadogo wa hapa, hutoa mbuzi anayekua haraka na kufika uzani wa soko mapema. Kondoo mwekundu wa Kimaasai naye, anayestahimili minyoo, akaingizwa kwenye zizi. Kwa mwenye malisho haba hesabu ni nyepesi: mbuzi mmoja mnene badala ya watatu wakondefu maana yake ni midomo miwili iliyopungua kwenye majani. Vikundi vya kukopeshana vikawa ndiyo mlango wa kumpata. Mtu alikopa, akanunua, akalipa kwa mwana-mbuzi.

Na majani yanahitaji huruma hiyo. Bonde la mto Nyando, lenye ukubwa wa kilomita za mraba kama 3,500, linajulikana kwa watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Kilimo Mseto, ICRAF, tangu miaka ya 1990 kama mahali ambapo udongo hukimbia. Mvua ikipiga ardhi iliyo wazi, hufuata njia ya ng'ombe, ikaichimba ikawa mtaro, na misimu michache baadaye mtaro ni korongo lisilorukika na mtoto. Huko Nyakach, chini tu ya mpaka, korongo la Katuk Odeyo limekua hadi likameza mashamba na njia. Upande wa juu, wakulima hufanya kazi ndogo ndogo zisizopigwa picha: mstari wa mkonge kukatisha mteremko, kizuizi cha mawe kwenye mdomo wa mtaro ungali mchanga, kipande cha nyasi kilichozungushiwa miiba ili kipumzike. Njia ya ng'ombe ikihamishwa kwa makubaliano ya majirani watatu, mtaro hufa. Ikishindikana, hakuna mtaalamu atakayeuziba.

Nyasi zenyewe ni wenyeji wa siku nyingi. Huko Fort Ternan, Kericho hii hii, mkulima aitwaye Fred Wicker aliokota shambani mwake mifupa iliyogeuka mawe, akawaita wataalamu. Mwaka 1962 Louis Leakey akampa sokwe wa kale aliyepatikana hapo jina la Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya mwenye shamba. Mabaki hayo yana umri wa miaka karibu milioni 14, na humo humo kwenye mawe kuna nyasi. Aliyeanza kuona ni mtu aliyekuwa akitembea shambani kwake ameinamisha kichwa.

Ni hivyo hivyo ilivyokuwa Bomet Septemba 2011, mahindi ya Longisa yalipoanza kukauka kutoka majani ya juu, magunzi yakawa matupu. Wakulima walisema hili si ukame na si ugonjwa wanaoujua. Ulikuwa mnyauko hatari wa mahindi, uliothibitishwa hapo kwa mara ya kwanza Kenya, na ndani ya miaka michache ukawa umeenea Afrika Mashariki. Aliyekuwa amepanda mahindi peke yake hakuvuna kitu. Mwenye viazi, maharagwe na mtama kidogo pembeni, yule aliyechekwa kwa shamba lake lisilo na mpangilio, alikula.

Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua karibu watu 300 nchini Kenya. Nyando ilifurika kama kawaida yake, ila zaidi, na familia za tambarare ya Kano zikahamia shuleni na makanisani. Mipango ya bwawa kubwa la Koru-Soin, ambalo lingeyashika maji hayo kabla hayajafika tambarare, imekuwa midomoni mwa wanasiasa kwa miaka mingi, na kila mwaka wa uchaguzi bwawa hujaa kisha likakauka. Wakati huo wote maji yaliyokuwa yakiingia vyumbani Ahero yalikuwa mekundu. Rangi hiyo kila mtu anaijua. Ni ya udongo wa juu.

Uhusiano wa watu wa juu na wa chini haujawahi kuwa wa asali. Wameibiana ng'ombe, wamechomeana nyumba huko Sondu, wamelaumiana kwa mafuriko na kwa mipaka. Wamebakia na soko. Siku ya soko, magunia ya mchele kutoka skimu ya Ahero hupandishwa juu ya paa la matatu, yakashushwa Kipsitet, na mama wa Kijaluo huketi nyuma yake na mkebe wa gorogoro, akiujaza hadi ufanye kichuguu, kisha akipangusa kidogo kwa kiganja mnunuzi akitazama. Mnunuzi hulalamika. Huongezewa punje kiasi cha konzi. Nyumbani atauchambua kwenye ungo kabla ya kuuosha, na atatoa vijiwe vidogo vyekundu kimoja kimoja, akivitupa uani kwa vifaranga.